Mbwa yuko kwenye kamba ndefu, anaitwa, haji: tatizo liko wapi?

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, karibu kila mtaa wa Kigoma mjini kuna mtu amesimama getini na ndala zake anaita mbwa. Mbwa alifunguliwa usiku alinde, sasa kumekucha, watoto wanakwenda shule, inabidi arudi bandani. "Simba, njoo! Njoo! We Simba!" Simba yuko hatua ishirini pale, anamwangalia, mkia unacheza, haji. Akisogelewa, naye anasogea.

Mbwa huyo masikio yake ni mazima, na hesabu anaijua. Kwa siku nzima anaitwa mara moja tu, na kila akiitika anafungiwa hadi magharibi. Wewe ungekwenda?

Kamba ndefu ni dawa nzuri ya ugonjwa huu, ila watu wanaitumia kama ya kuvutia ng'ombe, kisha wananiletea malalamiko. Nimefunza mbwa wangu watatu kwa njia hii hapa mtaani kwetu Mwanga, na wa majirani sijui wangapi, na malalamiko ni yaleyale. Nimeyapanga hapa kama yanavyosemwa. Tafuta la kwako, anza na sababu ya kwanza, usiruke.

Kabla ya yote, kagua kifaa

Mita 10 zinatosha kwa mbwa mkubwa, mita 5 kwa mtoto. Manila ya wavuvi unayoipata mwaloni Kibirizi ni imara, ila usichukue nyembamba. Chukua ya unene wa kidole, au bora zaidi mkanda bapa wa nailoni kama ule wa begi. Katani iache. Ikilowa inakuwa nzito, ikikauka inachoma mikono kama upupu. Mwisho wa kamba usiwe na kitanzi wala fundo, maana ndipo inaponasa kwenye mawe na mizizi.

Upande wa mbwa, kamba ifungwe kwenye mkanda wa kifuani, pete ya mgongoni. Isifungwe kwenye kola ya shingo. Hili nitalirudia huko chini kwa sababu ndilo linaloumiza mbwa.

Na ujue kazi yake. Kamba inamnyima mbwa nafasi ya kuonja utamu wa kutoitika. Akikukatalia mara moja akapata kuku, umerudi nyuma wiki nzima.

"Kwenye kamba anakuja mbio, nikimfungua tu ananitoroka"

Naletewa hili kuliko mengine yote. Sababu zake, kwa kuanza na ninayoikuta mara nyingi:

Kamba inakazika muda wote. Mtu anaita huku anavuta, mbwa anakuja kwa sababu anaburutwa. Neno hajalijifunza bado, amejua kuvutwa tu. Kipimo chake: unapotamka "njoo", tazama chini. Kamba inatakiwa iwe imelala kwenye mchanga, imejikunja ovyo. Kama imenyooka kama ya kuanikia nguo, nyamaza, sogea hatua tatu mbele ilegee, ndipo uite. Akikataa, usimvute kwa kishindo. Ishike tu asiende mbali, kimya, subiri akugeukie, kisha rudi nyuma kwa haraka kama unayemkimbia. Mbwa wengi hawawezi kuvumilia kuona mtu anakimbia bila wao.

Umeifungua mapema. Siku nne nzuri za uani zinamdanganya mtu. Kipimo changu ni sehemu tatu tofauti. Kila sehemu, kwa siku kadhaa, umwite mara kumi, na mara tisa aje kamba ikiwa legevu. Uani kwako kote ni sehemu moja tu, hata kama una ekari.

Anaujua mlio wa klipu, kile kibanio kinachoshikiza kamba kwenye mkanda wake. Mbwa wangu wa kwanza, Jimi, alikuwa malaika mpaka asikie ile "ta!" ya klipu ikifunguka. Hapo masikio yanasimama, macho yanahama, na mimi nabaki na kamba mkononi kama mvuvi aliyekosa. Nilimtibu kwa kufunga na kufungua klipu bila kwenda popote, mara ishirini kwa mkupuo, kila mlio na kipande cha dagaa. Halafu nikamfunga kamba mbili, ile nzito na nyingine nyepesi. Naifungua nzito kwa mbwembwe, naye anadhani yuko huru, kumbe nyepesi bado ninayo. Alijaribu kuondoka mara mbili tu. Ya tatu alibaki.

Yote haya yakikaa sawa, bado usiifungue ghafla. Iache iburuzike chini bila kuishika, uwe tayari kuikanyaga. Baada ya wiki mbili hivi ikate ibaki mita 5, halafu 2, halafu kipande cha shubiri moja kinachoning'inia mgongoni. Kamba ya kukata-kata haigharimu sana, na mbwa hajui ni siku gani hasa iliondoka.

"Anakuja vizuri, akifika hatua mbili anasimama"

Anakupigia hesabu ya mkono. Mara zote alipofika karibu mkono ulishuka kwa kasi ukakamata kola, na baada ya kola ni banda, au kofi la kuchelewa. Hili la kofi niliseme wazi: mbwa aliyechelewa kisha akaja, kwa hesabu yake amepigwa kwa kuja. Ameshasahau kuchelewa.

Anza na jepesi. Unapomwita, usimwinamie. Mbwa anayeinamiwa na mtu mzima anaona ukuta unamwangukia. Geuka ubavu au chuchumaa, na dagaa usimrushie. Mweke dagaa huyo kati ya ndala zako mbili, chini kabisa. Atalazimika kuingia mpaka miguuni kumchukua. Fanya hivyo siku tatu bila kumgusa hata kidogo.

Kisha anza kugusa: mkono mmoja unagusa kola taratibu, mwingine unatoa dagaa, halafu unamwambia "nenda" na unamwacha aende kweli. Hiyo "nenda" ndiyo sehemu inayosahaulika. Katika kila mara kumi unazomwita, mara tisa zimalizike kwa kuachiwa tena. Ile ya kumi mpeleke bandani, na hata huko akute kitu: kichwa cha mgebuka kilichochemshwa kikatolewa miba mikubwa, au ugali wake wa asubuhi wenyewe. Kuna mama mmoja wa Gungu alihamisha tu chakula, akaanza kulisha bandani badala ya jikoni, na wiki ya pili mbwa akawa anamtangulia. Kamba hakuinunua kabisa.

Kama mbwa anasimama mbali na kunguruma au kuonyesha meno unaponyoosha mkono, usilazimishe. Nenda mwisho wa makala.

"Hata haangalii, kama sijamwita yeye"

Neno limechoka. Umelisema mara hamsini kwa siku bila lolote kutokea. Kipimo: mwite akiwa ndani, mlango umefungwa, hakuna mtu. Kama hata hapo anageuza kichwa kwa uvivu, zika hilo neno. Chagua jipya ambalo hapo nyumbani halitumiki hovyo, au filimbi. Ukianza na jipya, sheria ni moja: unaita mara moja. Ukiita mara tano umemfundisha kwamba ya tano ndiyo ya kweli.

Malipo ni duni. Ugali anaula kila siku, kwa nini akimbie mita 10 kwa ajili ya tonge? Sisi wa Kigoma tuna bahati ya mtende: dagaa mkavu ananuka, anakatika kwa vidole, haozi mfukoni. Chukua wa kichanja, waliokauka juu, kwa kuwa wale wa kuanikwa chini wana mchanga, na wawe hawakutiwa chumvi. Dagaa mmoja ni malipo ya mara mbili. Siku ya kazi ngumu pandisha dau, tumia mapupu ya kuchemsha au ini. Masalia ya rosti usiyatumie, kitunguu ni sumu kwa mbwa. Na malipo yafike ndani ya sekunde moja au mbili baada ya mbwa kufika, si baada ya kupekua mfuko.

Hapa huwa naulizwa na wazee, "Mbwa anafundishwa kwa chakula? Si utamharibu?" Najibu kwa panya. Pale Morogoro, shirika la APOPO hufunza panya kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu kwa mlio mdogo na kipande cha chakula, basi. Magawa, panya aliyefunzwa Tanzania akafanya kazi Kambodia, alipewa medali ya dhahabu mwaka 2020. Panya anaweza kufunzwa hivyo, Simba wako ashindwe?

Mahali pamemzidi. Kutoka uani moja kwa moja hadi gulioni ni sawa na kumtoa mtoto chekechea ukamkalishia mtihani wa kidato cha nne. Rudi nyuma ngazi moja, na kamba ifupishe hadi mita 3.

Umri. Kati ya miezi 6 na 18 mbwa aliyekuwa anaitika vizuri hugeuka kama kiziwi. Ni ujana, unapita, ila katika kipindi hicho kamba isikose.

Mwili. Hii ni ya nadra, ila usiisahau. Sikio linalonuka, kutikisa kichwa kila saa, kupe waliojaa ndani ya sikio, jicho lililoingia ukungu mweupe. Kama uliwahi kwenda naye porini Uvinza au Kibondo akaumwa na ndorobo, ukungu wa jicho pamoja na kukonda unaweza kuwa ugonjwa wa malale. Fizi zikipauka, au damu ikitoka puani, inaweza kuwa homa ya kupe. Katika hali hizi mafunzo yasimame na aonwe na daktari wa mifugo kwanza.

"Anafyatuka mpaka kamba inamkata, anapinduka"

Kwanza angalia imefungwa wapi. Kama ni shingoni, acha leo hii. Mbwa wa kilo 25 akipata mita 10 za kushika kasi, kishindo chote kinaishia kwenye koo na pingili za shingo. Kwenye mkanda wa kifuani kishindo kinasambaa, ingawa bado si kizuri.

Pili, unampa kamba nyingi mno. Urefu wa kamba si wa kuachia wote. Shika mikunjo mkononi, mpe mita 3 au 4 za kuzurura, na ukiona anajikusanya kuruka, kimbia naye hatua chache huku unaiachia kidogokidogo ili isimame polepole. Nimemzoesha wangu neno "basi" kila inapobaki mita moja. Siku hizi nikilitamka anapunguza mwendo mwenyewe.

Akikohoa baada ya kishindo, akichechemea, akishindwa kugeuza shingo au akilia akiguswa, usimpake mafuta ya mawese wala kumkanda. Mpumzishe, mpeleke akaonwe.

"Kamba imenichoma, kamba imenasa, kamba imemwangusha mtoto"

Vaa glavu za kazi, zile za ujenzi zinatosha. Usiizungushe mkononi wala kiunoni. Siku mbwa akiona paka utaelewa kwa nini. Mikunjo iwe wazi kiganjani kiasi kwamba ukifungua mkono inatoka yote.

Usifanyie mazoezi mahali kamba inaweza kukatiza njia ya bodaboda. Na mbwa wawili wakianza kucheza, kamba zote zitoke, miguu inakatika kwa mchezo huo. Ufukweni ni pazuri kwa kuwa ni wazi, ila asiogelee nayo. Itanasa kwenye miamba, na mamba wa ziwa hili hawana habari kwamba mko mazoezini.

Wa Ujiji mzingatie jambo moja zaidi. Majirani wengi ni Waislamu na mate ya mbwa kwao ni najisi. Mita 10 ni mita 10 kila upande, ina maana mbwa wako anaweza kumfikia mzee aliyeshatawadha anayekwenda swala. Epuka saa za adhana, na ukiona mtu anakuja, ivute mikunjo mpaka mbwa awe ubavuni kwako kabla hujasalimia. Nimeona ugomvi mkubwa uliotokana na pua ya mbwa kwenye kanzu.

"Nikimfunga kamba anaganda, anakaa chini"

Kamba nzito kwa mtoto wa mbwa, au mkanda wa kifuani unabana kwapani. Ingiza vidole viwili, visipoingia, legeza. Kama si hivyo, mvalishe mkanda tu bila kamba wakati wa kula kwa siku chache, kisha ongeza kipande chepesi cha mita moja aburuze ndani huku unamwangalia. Wengine wanaganda kwa jua: mchanga wa saa saba mchana unaunguza nyayo. Weka kiganja chako chini, kama huwezi kuhesabu hadi saba, naye hawezi. Akihema sana, akidondosha mate, akiyumba, mpeleke kivulini, mmwagie maji ya kawaida tumboni na miguuni, mpe anywe kidogokidogo, na utafute daktari wakati unaendelea kumpoza.

"Anatafuna kamba"

Anachoka. Fupisha zoezi liwe dakika 5, mara mbili kwa siku, na kamba isibaki naye ukiondoka. Akimeza kipande kisha akatapika, akakataa kula au ukaona uzi unaning'inia nyuma, usiuvute. Unaweza kumkata utumbo. Huyo ni wa daktari, siku hiyohiyo.

"Yote anaweza, isipokuwa kukiwa na kuku"

Au mbuzi, au dagaa. Jimi tatizo lake lilikuwa dagaa, na sababu ilikuwa mimi. Nilimfunza kwa dagaa miezi mitatu, kisha asubuhi moja nikampitisha Kibirizi, vichanja vimejaa dagaa wanaong'aa kama fedha mpaka macho yanauma. Nikaita. Akanitazama, akatazama vichanja, akanitazama tena. Mimi nilikuwa na dagaa kumi mfukoni. Alikula kwa kasi huku mama mwenye kichanja akimfukuza kwa ufagio na kunitukania ukoo mzima. Kamba niliiacha nyumbani siku hiyo kwa kuona amehitimu. Nililipa, tena bila kuomba kupunguziwa.

Sababu ya kwanza ni umbali. Kila mbwa ana mstari: nje ya mstari anakusikia, ndani yake hakusikii hata ukipiga honi. Utafute. Ukiwa na kamba, anza mita 40 kutoka kwa kuku waliofungiwa. Mwite. Akigeuka, lipa, kisha sogea mita 5. Asipogeuka, umeshapita mstari, rudi. Kazi hii inachosha na inachukua wiki, na sijaona ya mkato.

Sababu ya pili, alishawahi kufanikiwa. Mbwa aliyekwisha kukamata kuku hata mmoja anacheza kamari, ataendelea kujaribu. Huyo kamba yake usiitoe kabisa akiwa karibu na mifugo ya watu, hata baada ya mwaka.

Sababu ya tatu ni njaa ya kweli. Mbwa anayelishwa mara moja jioni, ganda la ugali, hafunziki mbele ya kuku. Mlishe kwanza.

Wakati wa kuacha na kuita mtaalamu

Mbwa akimng'ata mtu wakati wa mazoezi, hata kama ni wewe, hata kama ni kidogo, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Usisubiri uone kama mbwa ataumwa. Dalili za kichaa zikishamtokea mtu hakuna cha kufanya. Mbwa mwenyewe usimuue wala kumfukuza. Mfungie salama bila kumgusa na umwite afisa mifugo wa kata.

Mbwa aliyekuwa anaitika na ghafla, ndani ya siku mbili tatu, hamjui mwenyewe, sauti imebadilika, taya limelegea, mate yanatoka, au anang'ata vitu hewani: hapo mafunzo yamekwisha. Usimkaribie na kamba, usimtie mkono mdomoni kutafuta mfupa uliokwama. Funga geti, toa watoto, piga simu. Na kama wako bado hajachanjwa, hilo litangulie kununua kamba. Chanjo hurudiwa kila mwaka.

Anayenguruma kila akiguswa kola, au anayewarukia watu kwa nia ya kuumiza, si wa makala hii. Huyo anahitaji mtu mwenye uzoefu aje amwone alipo, baada ya daktari kuhakikisha hakuna panapomuuma. Siku ya kumpeleka kwa daktari mfunge kamba ya mita moja na nusu. Ile ndefu iache imetundikwa nyumbani, chumba cha kusubiria huwa kina kuku.